Dirisha Lililobaki Wazi Magongo

Saa tatu asubuhi. Malori ya kontena yamejipanga barabara nzima ya Magongo, na ndani ya chumba chenye kompyuta nne Bi Barke amekaa kiti cha mwisho, ukutani, buibui amelikusanya magotini kama mtu anayevuka maji. Mkono wake umezoea kukanda unga wa mahamri. Mausi anaishika kama kifaranga.

"Lifunge hilo dirisha," Mwanasiti anamwambia. "Pale pembeni juu, penye alama kama ya kukosa hesabu."

"Haya, nimelifunga. Limekwenda. Lakini nyuma yake kuna jingine, la habari za mpira."

"Lifunge nalo."

La mpira linaondoka. Nyuma yake linatokea la hali ya hewa. Bi Barke anaiachia mausi na kugeuka.

"Kwani haya nimeyafungua mimi?"

Swali hilo ndilo ambalo Mwanasiti alimwitia mama huyu, na sasa limekuja anatamani angekuwa kwingine.

"Hukuyafungua, Bi Barke. Nimeyafungua mimi kabla hujaja. Na yale ya siku ile, Ustadhi hakuyafungua."

Mwanasiti Jumaa, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, ndiye mwangalizi wa saiba hii, chumba cha kulipia intaneti kwa dakika, tangu ilipofunguliwa mwaka jana, 1998. Kabla ya hapo alipiga chapa hapa hapa Changamwe, barua za watu na viapo vya mahakamani. Mshahara wake ni shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi, na kodi ya chumba inakula theluthi.

"Kwenye taipureta ukichomoa karatasi, kazi imekwisha," anasema. "Hapa unafunga mlango wa mbele, kumbe uani kuko wazi."

Mwezi uliopita dereva mmoja wa lori, mgeni ambaye hajarudi tena, alikaa kiti hicho hicho cha ukutani. Alipoondoka, Mwanasiti alifunga dirisha lililokuwa mbele, akafuta meza, akamkaribisha aliyefuata. Hakutazama ukingo wa chini wa kioo, ambako madirisha mengine yalikuwa yamejikunja madogo madogo.

Aliyefuata alikuwa Ustadhi Yeslam, anayesomesha darsa ya wanawake kila Alhamisi baada ya alasiri. Alikuja kusoma barua pepe ya ndugu yake Aqil, aliyeko ng'ambo, Mukalla. Hajamaliza hata salamu, likamrukia dirisha la picha isiyofaa. Akalifunga. Likaja jingine. Akalifunga hilo, yakaja mawili.

Mwanamume mwingine angeita, "Njoo utazame mashine yako." Ustadhi hakuita. Angemwitaje mwanamke aje kutazama vile? Akabaki anafunga na kufunga, jasho linamtoka, na Bi Barke akaingia kutoa fotokopi ya kitambulisho.

Mwanasiti aliona uso wa mama yule kwanza, kisha akaona kioo. Badala ya kuizima mashine, akavua leso mabegani akaitupa juu yake.

"Wallahi sijui nilifikiri nini," anasema, akitazama sakafu. "Kwetu kitu cha aibu hufunikwa. Nikafunika. Na nilipofunika ndipo kikawa kitu."

Bi Barke aligeuka akatoka. Ustadhi akaweka pesa za dakika zake mezani, akatoka kichwa chini. Kabla ya magharibi maneno yalikuwa yameshafika Mikindani. Alhamisi iliyofuata walikuja wanafunzi watatu. Iliyofuata tena, hakuja mtu, na Ustadhi akafunga darsa.

Hakujitetea. Inasemekana alimwambia mkewe kwamba mtu akianza kueleza picha zile ndipo atakapoonekana anazijua.

Mwanasiti naye, kila alipoulizwa, alijibu, "Sijui, nilikuwa na wateja." Alipokutana na Ustadhi njiani alimwamkia, "Shikamoo, Ustadhi." Mzee akaitikia kama zamani, akamwuliza na hali ya mama yake. "Angenitukana ningelala," anasema.

Kwenye kiti cha ukutani, Bi Barke bado anatazama hali ya hewa.

"Ungesema siku ile ile, mwanangu."

"Aibu ilinishika ulimi."

"Na wangu mimi," anasema Bi Barke polepole, "haukushikwa na kitu."

Nje dereva anapiga honi.

"Kwani waliotengeneza hii hawana wazazi?" Bi Barke anauliza. "Unalifunga hili, linazaa lile."

"Mimi ningewaambia jambo moja tu," Mwanasiti anasema. "Dirisha likifungwa, liwe limefungwa. Lililo nyuma lisitokeze bila hodi. Na mtu akiondoka, aondoke na yake yote, asimwachie mwenziwe."

Kwa kuwa hawezi kuwaambia, siku hizi kila mteja akitoka anaizima mashine na kuiwasha upya. Mwenye saiba ananung'unika kwamba dakika zinapotea. Anamwacha anung'unike.

Bi Barke ndiye anayepanga lililobaki. Alhamisi hii atawaita wanawake wa darsa nyumbani kwake. Yeye atasema alichokiona na alichokiongeza. Mwanasiti atasema alichokiacha wazi.

"Neno lenyewe nitalitamkaje mbele yao?"

"Sema picha zisizofaa. Sote pale tumezaa, tutaelewa. Na uje na ile leso."

Leso hiyo imefuliwa, na tangu siku ile Mwanasiti hajajitanda nayo. Barua ya Aqil nayo haijasomwa zaidi ya salamu.

"Darsa ikirudi, inshallah, nitakwenda kwa Ustadhi kupiga hodi, nimwombe aje aimalize barua yake," Mwanasiti anasema. "Nitamwashia mashine upya, nimfungulie barua. Kisha nitatoka nikasimame nje, nitazame malori, hadi aniite mwenyewe."