Magugu Mdomoni mwa Mtungi

Kijana wangu alianza kukojoa damu kabla hajaingia darasa la kwanza. Daktari kule Kajiado alisema ni kichocho, akampa dawa, akaniambia asirudi kwenye maji yenye konokono. Sawa. Maji yenyewe yalikuwa yetu, lile shimo nyuma ya nyumba hapa Kitengela, tulilolitandika nailoni lishike mvua. Alikuwa anaogelea humo na kukojoa humo.

Niliyamwaga yote. Nikasugua nailoni kwa brashi ya kufulia, nikaiacha ichomwe na jua. Kisha mvua ikakataa, ikabidi nimwite muuza maji wa punda, anayechota mtoni.

Mitungi yake haina vifuniko. Huziba midomo kwa magugu ya mtoni ili maji yasimwagike njiani, na huku hakuna anayeona ajabu. Mimi niligeuza jani moja. Chini yake kulikuwa kumeganda kitu kama kamasi, kina vidoti ndani.

"Haya ni mayai ya konokono," nikamwambia.

"Mathe, hayo ni majani. Ama unataka nizibe na soksi?"

"Leta bila kitu."

"Nikuletee nusu mtungi, halafu useme nimekuibia?"

Jani hilo nililitia kwenye chupa ya jamu, dirishani. Siku zilivyokwenda, vidoti vikaanza kuzunguka polepole, kila kimoja ndani ya yai lake. Vikaota gamba jembamba, ukiangalia vizuri unaona moyo unapiga. Walipotoka walikuwa kama punje za sukari, na papo hapo wakaanza kulamba kioo.

"Baba yao ako wapi?" kijana wangu akauliza.

"Hawa hawahitaji baba. Mmoja peke yake anajaza shimo."

Hiyo ni biolojia ya sekondari, na haijanisaidia kitu. Kinachoniua ni kwamba wanazaliwa wazima. Ndani ya yai hakuna ugonjwa. Mtu mgonjwa anayekojoa majini ndiye huwaambukiza, nao wanamrudishia yeye na wenzake.

Kila mkokoteni ukija natupa magugu, nakwangua midomo ya mitungi kwa kucha.

"Mathe, unaosha mitungi ama unanunua maji?"

"Mwaga shimoni."

Nikwangue nini kingine? Kamasi zingine zimeshika ndani kabisa, mkono haufiki. Konokono wakarudi kwenye nailoni. Watoto wa jirani wanaruka ua kuoga humo, nikiwafukuza mama yao ananiuliza kama maji nimeyazaa mimi. Nao pia wanakojoa humo.

Jana kijana wangu alisimama ukutani. Mkojo ulianza wa njano, nikapumua, halafu matone ya mwisho yakatoka mekundu. Nilimwambia apandishe suruali. Nikachukua beseni nikaenda shimoni kuchota maji ya kumwogesha, kwa sababu mengine hakuna.