Aliyeogelea kwa Vidole vya Miguu

Mwalimu wetu wa mashua alikuwa na sharti moja tu: asiyejua kuogelea haingii. Sharti gumu hilo, maana Eldoret yetu ni ya watu wa mbio na ng'ombe. Mimi nilizaliwa karibu na ziwa kabla baba hajaja huku kufanya kazi ya ukarani, kwa hivyo nilivuka bwawa na kurudi bila wasiwasi. Zamu ya mwenzangu wa darasani ilipofika, alipita kandokando ya ukingo akirusha mikono kwa fujo, kichwa juu kama bata. Mwalimu akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama majini karibu naye, nikaona. Jameni, alikuwa anatembea kwenye matope!

Nilinyamaza. Tena nilicheka, Mungu anisamehe. Mashua ilikuwa ya watu wawili, na shule nzima hakuna aliyekuwa na mgongo wenye nguvu kama wake. Shamba lile lenye bwawa lilikuwa la Mzungu aliyeondoka. Wanahisa wa kampuni ya kununua mashamba walikuwa wamelinunua, nao walitukubalia tupige makasia mpaka ligawanywe. Baada ya hapo maji yangefunguliwa wapande mahindi. Yalibaki mashindano ya mwisho tu, na mimi nilitaka kushinda kufa kupona.

Tulifanya mazoezi kila asubuhi, viganja vikachubuka vikaota sugu. Nilikaa nyuma ya mgongo wake, nikivuta anapovuta. Mimi niliyekuwa nikichapwa kwa kuchelewa, nikawa wa kwanza kuamka. Nilijiona mtu mzima kabisa.

Wiki moja kabla ya mashindano, upepo ulitukuta katikati ya bwawa. Kasia lake likanasa majini, mpini ukampiga kifuani, mashua ikapinduka. Akanishika shingo kwa mikono yote miwili, tukazama. Nilimpiga teke la tumbo. Nikampiga la pili, akaniachilia, nikaogelea hadi ukingoni peke yangu. Mwalimu ndiye aliyemfikia kwa mashua nyingine, akamvuta kwa kola ya shati.

Wanafunzi waliokuwa ng'ambo waliona tu maji yakiruka na sisi tumeshikana. Wakasema nilimwokoa. Niliwasahihisha? Aa wapi!

Siku ya tatu nilienda kumwona katika hospitali ya misheni kule Plateau. Mama yake alikuwa kando ya kitanda na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kugandisha. Aliinuka akanishika mkono.

"Mwanangu ameniambia ulimshikilia mpaka mwalimu akafika," alisema. "Kuanzia leo wewe pia ni mtoto wangu. Kaa unywe."

Nikamtazama mwenzangu. Akageuza uso ukutani. Kumbe alikuwa amenifichia, kama nilivyomfichia yeye. Mama alimimina kikombe akaninyooshea, nikashindwa kukipokea.

"Mama, sikumshikilia. Nilimpiga teke ili aniachilie."

"Uliogopa," alisema. "Hata mtu mzima angeogopa."

Kisha akauliza, sauti chini, "Lakini ulijua hawezi kuogelea?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza, mama."

Hakunigombeza. Haki ya Mungu, ningefurahi kama angenigombeza. Aliyarudisha yale maziwa kibuyuni, polepole, asimwage hata tone, akafunga kifuniko, akaketi akinipa mgongo.