Sumaku na Chai ya Mama Zuhura

Nakumbuka siku moja nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa juu ya paa la ghorofa letu kule Huruma, kitabu cha fizikia magotini, mashuka ya majirani yakinipiga usoni kila upepo ulipovuma. Nilikuwa na raha zangu, mwanangu. Swali baada ya swali nilikuwa nayamaliza, na kila jibu langu lilifanana na lile lililochapishwa nyuma ya kitabu. Ungepita hapo ungedhani umemwona profesa mtarajiwa. Hungejua kwamba msichana huyo alikuwa ameanguka fizikia ya mwaka wa kwanza, na kwamba alibakiwa na nafasi moja tu ya kuurudia mtihani, hiyo ambayo nyinyi mnaiita sapu. Nikianguka tena, chuo kikuu kingeniaga, na hamu yangu ya kuwa mwalimu wa fizikia ingekwisha hapo.

Siri ya kasi yangu nitakwambia, maana nawe najua unayo ya kwako ndani ya simu. Nilikuwa naanzia nyuma. Nalitazama jibu kwanza, halafu naziandika fomula zote nizijuazo na kuchagua ile itakayonifikisha. Ikikataa, nazidisha kwa mbili. Ikikataa tena, nagawanya. Alama ya kutoa ikijitokeza bila kualikwa, naifuta na kuendelea na safari.

Sasa, katika nyumba ya chini kabisa alikaa Mwalimu Kilonzo. Alikuwa amestaafu baada ya kufundisha fizikia miaka mingi huko Ukambani, akaja kuishi na mwanawe. Kila alasiri alipanda kuota jua, kigoda mkononi. Siku hiyo alisimama nyuma yangu kitambo bila mimi kujua.

"Mwende, hebu funga hicho kitabu," akasema. "Nisimulie hilo swali."

"Lakini jibu nishapata, Mwalimu. Si unaona iko sawa na ya nyuma?"

"Jibu sijauliza. Nisimulie, bila namba na bila herufi. Nani anamvuta nani, na nani anakataa?"

Swali lilikuwa la sanduku linalovutwa na kamba kupanda mlima, nami nilikuwa nimelimaliza kwa fahari, lakini sikuweza kusema msuguano unaelekea juu au chini. Mwalimu hakunikaripia. Aliketi kwenye kigoda chake akacheka kidogo.

"Binti yangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Hilo jibu kuna mtu aliliunda. Wewe unapiga picha nalo tu."

Iliniuma, sikufichi, na iliniuma zaidi kwa sababu alikuwa akitabasamu. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi miguu yangu niliihitaji. Tangu siku hiyo sikushika kalamu kabla ya kusimulia.

Tulianza na blanketi la jirani lililoanikwa mbele yetu. Blanketi anavutwa na dunia, nikasema. Kamba anamkatalia. Kamba naye kashikwa na vyuma viwili, kila mmoja anamvutia kwake. Kwa kusimulia hivyo nikaelewa kwa nini kamba iliyobeba blanketi lililoloa hainyooki hata ukiivuta vipi: ikinyooka kabisa, hakuna anayevuta kuelekea juu. Kina mama waliokuwa wakianika nguo wakaanza kusogea kusikiliza, na mmoja akauliza, "Kumbe masomo ya chuo ni umbea tu?"

"Ni umbea," Mwalimu akajibu, "lakini huu unapimika."

Nilicheka sana kwenye paa lile. Maswali ya mwendo, ya kani, ya magari yanayogongana, yote yakaanza kunifungukia. Ila umeme na sumaku vilinigomea. Lilikuwapo swali lililoniangusha mara ya kwanza, la sumaku inayodondoshwa katikati ya koili, ule waya uliozungushwa duara juu ya duara. Mkondo wa umeme unaozuka kwenye koili unaelekea wapi sumaku inapoingia, na wapi inapotoka? Mimi niliandika kwamba unaelekea upande uleule mwanzo hadi mwisho.

"Nitawasimuliaje hawa, Mwalimu, na sioni wakigusana?"

"Utawaona," akasema, akabeba kigoda chake akashuka. Nilimkasirikia kwa hilo.

Asubuhi ya mtihani kalamu yangu ikakauka. Nikapanda ghorofa ya tatu kwa Mama Zuhura, mjane wa Kimombasa aliyeuza vitu vidogo vidogo sebuleni mwake. Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini Mama Zuhura hakuwa mtu wa kupona haraka. Nilipobisha hodi tu, akaanza.

"Asubuhi yote hii, mtoto! Hata duka sijalipanga. Hebu rudi baadaye."

Nikajipenyeza hivyo hivyo, nikapata kalamu, nikageuka niondoke. Akanishika mkono wa sweta.

"Wenda wapi na chai i motoni? Mtu hatoki kwangu na tumbo tupu."

"Mama, nachelewa mtihani."

"Basi inywe upesi."

Nikainywa ikiniunguza ulimi, nikakimbia. Chumbani mwa mtihani nikafunua karatasi, na swali la kwanza kabisa lilikuwa la sumaku na koili. Nikajiambia, Mwende, simulia. Nani anamsukuma nani, na nani anakataa?

Hapo nikamwona Mama Zuhura. Unapoingia anakusukuma utoke, unapotoka anakuvuta ubaki. Koili ndivyo ilivyo: inakataa sumaku isije, na ikishakuja inakataa isiende. Basi mkondo wake lazima ugeuke, maana kusukuma na kuvuta si upande mmoja. Na ile alama ya kutoa iliyomo katika fomula ya koili, niliyozoea kuifuta, ndiyo iliyokuwa ikitamka kule kukataa. Nikacheka kwa sauti, msimamizi akanitazama kwa jicho baya, nami nikaiandika alama hiyo kubwa kama fimbo.

Nilipita. Mwalimu Kilonzo nilimpa habari akiwa juani. Akaniambia nimsimulie jibu langu, na nilipofika kwa Mama Zuhura akafumba macho akacheka mpaka machozi. Kisha nikashuka toka paani kumweleza Mama Zuhura mwenyewe.

"Yaani," akasema polepole, "vitabuni wameandika kwamba mimi sipendi watu waje?"

"Na kwamba hupendi waende, Mama."

Wanawe wote walikuwa wameshahama. "Hilo la pili ni kweli," akasema. Nikataka kuaga, na bila shaka unajua aliponishika.

Nikawa mwalimu, mwanangu, na katika kila darasa nililofundisha, alama ile ya kutoa tuliiita Mama Zuhura. Wapo wahandisi leo wanaoiita hivyo bila kujua alikuwa nani.

Kwa hiyo sikiliza, wewe uliyekaa kwenye meza yangu hapa mtaani Fedha na simu inayotema majibu kabla hujamaliza kuuliza. Sikukatazi kutazama jibu. Nakukataza kulitazama kabla hujalisimulia swali kwa lugha unayoitumia kugombana na kucheka. Usifute kinachokukatalia, maana mara nyingi somo lenyewe limekaa hapo. Na ukikwama, funga kitabu uende kwa watu.

Mungu akufungulie kila lililofungwa, akupe mwalimu asiyekuhurumia bure, na asikukoseshe maishani mtu wa kununa ukija na kukushika sweta ukiondoka. Haya, weka simu chini. Chai i motoni.