Chumvi kwenye Sahani ya Glenys

Glenys Purcell alikuwa mchawi, na bonde zima lilijua kwa sababu alijitangaza mwenyewe. Hakupanda ungo. Aliendesha basi la shule, akiwafokea watoto wa watu wafunge mikanda, na jioni akikata kuni za moto wetu. Duara letu la wachawi, hapa kwenye bonde la matufaha kusini mwa Tasmania, kisiwa cha Australia, ni yeye aliyelianzisha. Mimi, Noeleen, nilijiunga nikiwa mjane mpya, nimekonda, sina hamu hata ya kuoga. Yeye ndiye aliyenitia chakula mdomoni. Sifichi: nilimpenda kuliko dada yangu wa damu, na dada akisoma haya anune tu.

Sikukuu yetu kubwa ni ya wafu. Tunaifanya mwishoni mwa Aprili, matufaha yakiwa yamevunwa na baridi imeanza kuuma. Kila mtu humwekea marehemu wake kiti na sahani, Glenys anawaita kwa majina, kisha tunakula kimya. Halitoki hata neno moja mpaka chakula kiishe. Na chakula cha wafu hakitiwi chumvi, maana chumvi hufukuza roho. Sahani zao tunaziweka nje chini ya mtufaha hadi asubuhi. Yote hayo Glenys ndiye aliyetufundisha, na mimi niliyashika kuliko mwalimu mwenyewe.

Wachawi wa Ulaya hufanya sikukuu hiyo Oktoba, ambapo kwao ndipo baridi inaanza, na wako wenzetu huku wanaowaiga. Glenys hakuwavumilia hata kidogo.

"Oktoba huku wanakondoo wanaruka malishoni, miti imejaa maua," alikuwa akisema. "Umwite mfu aje kufanya nini, kunusa maua? Watu wazima hovyo!"

Sasa mwaka ule, Septemba, daktari wa mjini Hobart akamwambia ini lake limeharibika, na Krismasi asiitegemee. Aprili ikawa mbali kuliko mwezi wa angani. Nilimkuta jikoni anamenya viazi.

"Nimewaita wafu miaka yote," akasema, "na sijui kama wanasikia. Nilitaka niketi kwenye meza ile mara moja zaidi, Noeleen. Basi."

"Tuifanye Oktoba."

Aliweka kisu chini. "Toka jikoni kwangu."

"Glenys, sikiliza..."

"Toka! Nimewatukana watu miaka yote kwa hiyo Oktoba yao, leo nife mnafiki?"

Nilitoka nimefura. Nikaenda kwa Merv, mzee wa duara letu, aliyechuma matufaha maisha yake yote na husema kwa nadra. Alikuwa anatengeneza uzio. Akakuna kidevu.

"Mwambie si sikukuu," akasema. "Mwambie ni mazoezi."

Nikarudi. Glenys alinikazia macho. "Mazoezi ya kufa?"

"Wewe huyahitaji, shoga, ya kwako yatakwenda yenyewe. Mazoezi yetu sisi. Nani ataita majina wewe usipokuwepo? Naogopa mwenzio."

Hapo akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, mazoezi. Lakini nakaa kiti cha mfu."

Basi tukaandaa meza Oktoba, mchana kweupe, madirisha wazi na maua ya mitufaha yakipeperuka mpaka kwenye mikate. Glenys akaketi kwenye kiti cha mfu, amevaa joho lake jeusi na soksi nene za sufu. Nikasimama nikaita, "Glenys Purcell, karibu mezani." Akainamisha kichwa. Nikampakulia supu ya boga, ya kwake bila chumvi kama ilivyo ada, tukaanza kula kimya.

Akachota kijiko kimoja, akameza. Akachota cha pili. Akaweka kijiko chini.

"Nani kapika takataka hii?"

"Wafu hawasemi, bibi," Merv akasema.

"Huyu anasema! Yaani hiki ndicho tulichowalisha wenzetu miaka yote? Ndiyo maana kila asubuhi tunakuta sahani zimebaki na supu! Masikini mama yangu. Noeleen, nisikilize vizuri. Mkinipikia hivi, siji. Naapa, siji ng'o!"

Merv alipaliwa na mkate ikabidi apigwe mgongo. Tulicheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kucheka. Kisha Glenys akatulia, akatutazama mmoja mmoja.

"Nimesikia ukiniita," akaniambia. "Kumbe mtu husikia. Asanteni, jamani. Nimekula matanga yangu mwenyewe. Wangapi hupata bahati hiyo?"

Alifariki Novemba, kitandani kwake, mkono wake mkononi mwangu. Tulimwosha, tukamvika sanda aliyojishonea. Nilimshukuru kwa sauti, kwa supu zote na kelele zote, na wala sikujali muuguzi kusimama mlangoni.

Aprili ikafika. Niliita majina yote na lake nikalimalizia. Kimya kikaanza. Nikapakua supu yake, nikashika kibakuli cha chumvi yetu sisi wazima, nikakishikilia juu ya sahani. Kama alilotufundisha ni kweli, ningemfukuza mlangoni mtu niliyetoka kumwita kwa mdomo wangu. Nisipotia, aliapa haji. Na sikuweza kumuuliza mtu, maana neno lilikuwa limekatazwa. Wee Glenys, hata umekufa unanisumbua!

Nikatia. Tena si kidogo. Glenys hakuwa mtu wa kidogo.

Merv alikuwa akinitazama toka upande wa pili, sahani ya marehemu mkewe Beryl ikiwa mbele yake. Nilidhani atakunja uso. Akanyoosha mkono, akataka kibakuli, akamtilia Beryl. Jirani yake naye akakipokea. Chumvi ikazunguka meza nzima, na hakuna aliyesema kitu.

Asubuhi nilikwenda chini ya mtufaha. Sahani zote zilikuwa tupu, zimelambwa. Ni posamu, wale wanyama wezi wa bustani. Najua, sijarukwa na akili. Lakini posamu ni walewale, na miaka yote walikuwa wakibakiza. Nikasimama kwenye umande nikasema asante, Glenys, kisha nikaokota sahani nikaenda kuziosha.