Kundi la Kitinda kwenye Meza ya Kukatia

Siku kundi lile lilipokuja nyumbani mara ya kwanza, Mama Mkasi alikuwa amelaza kitambaa cha mteja mezani, ameshakichora kwa chaki, bado kukata. Akakikunja. Alijua chaki itafutika na kesho ataanza upya, lakini angefanyaje? Nyumba nzima ilikuwa na meza kubwa moja, ile ya kukatia nguo, na kitinda mimba wake, wa kwanza katika ukoo kukanyaga chuo kikuu, alikuwa amemwambia, "Mama, tuna kazi ya kundi. Tukae wapi?"

Wakakaa pale. Yeye akahamia kwenye kigoda karibu na mlango, akapinda pindo kwa mkono.

Mtaani walimwita Mama Mkasi kwa sababu alishona, na kwa sababu mdomo wake ulikata. Kwa siku chache tu aliwajua wale wageni kuliko walivyojuana wenyewe, maana hawakuchaguana. Mwalimu wao aliwachanganya kama mchele na chuya.

Wa kwanza alikuwa kijana mwenye koti, ambaye hakuingia bila hotuba. "Shikamoo mama yetu! Nyumba inang'aa hii, utadhani ikulu!" Nyumba haikung'aa, ilikuwa imejaa vipande vya vitambaa. Mama Mkasi akampa jina la Mheshimiwa. Wa pili alikuwa Nakuja. Huyo ukimpigia simu husema, "Nakuja, niko hapa kwenye kona," kumbe viatu bado viko uvunguni. Wa tatu, msichana mpole, aliitwa Bubu. Akipewa cha kuandika aliandika vizuri, asipopewa alitazama kucha zake mpaka watu wakatawanyika.

Wa nne ndiye Kitinda, mwanawe, mwenye ugonjwa wa kutoweza kuona kitu kimeharibika akakiacha.

Kazi yenyewe ilihusu maduka madogo, kwa nini mengine hufa na mengine huishi. Mama Mkasi hawakumuuliza, ingawa jibu alikuwa nalo. Sehemu ya Nakuja ilikuja imenakiliwa kitabuni neno kwa neno, Kitinda akaiandika upya. Ya Bubu ilikuwa nzuri lakini ilikatikia njiani, Kitinda akaimalizia. Mheshimiwa hakuleta sehemu. Alileta maoni.

"Hapo dada, weka neno lenye uzito kidogo," alisema akichovya mkate kwenye chai.

"Neno gani?"

"Wewe ndiye fundi. Mimi nahisi tu kwamba uzito haujatosha."

Nakuja akacheka. "Huyu bwana uzito wote anauweka kwenye mkate."

Hata Bubu alitabasamu. Kitinda hakucheka. Alifuta mstari, akaandika mwingine, na Mama Mkasi akaiona shingo ya mwanawe jinsi ilivyoinama. Aliijua ile shingo. Ilikuwa yake.

Zamani aliwahi kuwa na duka, yeye na wifi yake, dada wa mumewe. Wifi alikaa mbele, akipokea wateja, akiwapima, akiwasifu maumbo waliyonayo na wasiyonayo. Yeye alikaa nyuma ya pazia na cherehani. "Kila mtu na kipaji chake, wifi yangu," mwenzake alipenda kusema. "Wewe sindano, mimi mdomo." Na kweli duka lilistawi. Kisha mume akaoa kwingine, wifi akasimama na kaka yake, na siku moja Mama Mkasi akakuta kufuli jipya mlangoni. Akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wateja kwamba zile nguo alizishona yeye. Walimtazama kwa huruma, kama mtu anayedai mwezi ni wake. Mkono wake walikuwa wameuvaa miaka yote, ila uso wake hawakuwahi kuuona.

Kwa hiyo hakuhofia mwanawe kufeli. Alihofia asije akafaulu vile alivyofaulu yeye.

Kundi lilipoondoka siku hiyo alimwambia, "Mwanangu, kwani mwalimu hakusema asiyefanya kazi atolewe?"

"Alisema."

"Basi mtoe huyo Mheshimiwa."

"Nikimtoa nani atasema mbele ya darasa? Mama, mimi nikisimama mbele za watu koo linakauka. Nakuja atachelewa, Bubu ndiyo Bubu. Yeye anaweza."

"Anaweza kusema uliyoandika wewe."

"Ndiyo kundi lenyewe, mama. Nimechoka. Niache nimalize."

Uchovu wa mtoto ulimuuma kuliko jibu lake. Safari iliyofuata, Mheshimiwa alipovuta kiti na kuulizia chai, Mama Mkasi aliweka sindano chini.

"Baba, nikuulize. Kiti hicho umekikalia mpaka sasa kinakujua. Umeandika nini?"

Kijana hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi. Alishika kifua kwa adabu. "Mama, nakiri, kuandika kama dada sijajaliwa. Lakini kila mtu na kipaji chake."

Mama Mkasi akahisi kana kwamba amepigwa kofi na mtu aliyeko mbali. "Toka," alisema. "Toka kwenye meza yangu. Ulimi hauna mfupa, lakini tumbo lako lina mdomo! Nendeni wote!"

Walitoka. Kitinda alikusanya karatasi, akawafuata, na kazi ikamalizikia kwao Bubu. Nyumbani alikuwa akija kulala tu, akisalimia kama mpangaji. Mama Mkasi alirudisha kitambaa mezani, akachora, akakata. Meza ilikuwa yake tena na hakuifurahia.

Siku ya kuwasilisha, Kitinda aliingia mchana, akatupa mkoba, akakaa sakafuni karibu na cherehani kama alivyokuwa akikaa utotoni.

"Tumefaulu, mama. Tumewashinda wote."

"Alhamdu, Mungu mkubwa. Nani alisema?"

"Yeye. Alisema vizuri sana, mama, hata mimi nilisahau kwamba niliandika mimi." Akacheka kidogo. "Mwalimu amempenda. Amemwomba amsaidie kwenye utafiti wake. Naye akasema haendi bila mimi."

Mguu wa Mama Mkasi ukasimama kwenye kanyagio. "Alimwambia mwalimu hivyo?"

"Hapana, aliniambia mimi, tulipotoka. Nitakuwa namsaidia kuandika. Si mtu mbaya, mama."

"Hata wifi yangu hakuwa mtu mbaya. Umekubali?"

"Nimekubali."

Angeweza kupiga kelele. Kelele alizokuwa nazo zilikuwa zimebaki kwenye milango ya wateja, miaka ile. Akavua miwani, akafikicha macho.

"Huyo mwalimu anakujua?"

"Jina langu lipo kwenye kazi."

"Sikuulizi kazi. Mkikutana njiani, atajua ni wewe?"

Kitinda akavuta uzi uliokuwa umeanguka sakafuni, akauzungusha kidoleni.

"Hapana."

"Basi kesho nenda kwake. Peke yako, kabla ya huyo."

"Nikaseme nini? Mama, unanijua nilivyo."

"Jina lako, na kwamba uliandika wewe. Zaidi ya hapo nyamaza. Simama tuone."

"Sasa hivi?"

"Mimi ndiye mwalimu. Nimekaa, nina kiburi, nina haraka. Haya."

Kitinda alisimama shingo upande, akajifuta viganja kwenye sketi. Akalitamka jina lake kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Mama Mkasi hakuinua uso.

"Sijasikia," alisema. "Tena."