Tulicheka Mdogo Wangu Alipoomba Jeneza Lake Lisifunguliwe

Admin, naomba unifichie jina, na mtaa wangu usiutaje. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, mama wa watoto wawili, naishi Morogoro mjini ila kwetu ni Mgeta, kule milimani. Napokea karoti na kabichi zinazoshushwa na lori kutoka nyumbani, nauza kwa jumla. Ninaishi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23. Nitamwita Deo, ingawa si jina lake. Nimechoka jamani. Naanza na hilo ili msije mkadhani mnasoma maneno ya dada mwema.

Deo anaamini taya lake limepinda. Halijapinda. Ni kijana mzuri, tena wa kugeukiwa njiani. Lakini kila siku ananifuata, "Dada, niangalie vizuri. Huu upande wa kushoto huoni?" Namwambia sioni kitu. Nusu saa haijaisha, anarudi na swali lile lile. Barakoa tuliyoitupa sisi wengine corona ilipoisha, yeye mpaka leo hatoki bila kuivaa. Akishika kioo au kamera ya simu, saa mbili zinakatika. Chuo pale Mzumbe aliacha mwaka wa pili kwa sababu hakuweza kukaa darasani mtu akiwa kushoto kwake. Kuna siku nimetoka kupokea mzigo, mgongo unawaka, akaniuliza tena. Nikamjibu, "Haya, limepinda. Umeridhika?" Siku tatu hakutoka chumbani. Nilipomwomba msamaha alisema hakuna shida, angalau nimesema ukweli.

Tulikwenda hospitali akitaka apasuliwe. Daktari akampima, akasema taya halina tatizo lolote, akatuelekeza kliniki ya afya ya akili. Huko tukaelezwa kwamba ni ugonjwa na unatibika. Mtu anaona kasoro ambayo wengine hawaioni, na inamtesa kweli, si kuringa wala kujidekeza. Nesi mmoja akanivuta pembeni, akaniambia wenye hali hii wengine hufika mahali hawataki tena kuishi, kwa hiyo nikiona dalili nimuulize wazi, kumuuliza si kumtia wazo kichwani. Deo alihudhuria mara mbili akaacha. Alisema, "Wananitibu kichwa, wakati kibovu ni taya." Mimi sikumlazimisha. Niseme ukweli, nilishukuru kupumzika zile safari.

Kisha bibi yetu akafariki, tukapanda Mgeta kuzika. Wasio wa kwetu niwaeleze: msibani watani wa ukoo wana ruhusa ya kusema lolote, na hakuna kukasirika. Mama mmoja, mtani wetu, alivaa gauni la marehemu akawa anamwigiza bibi anavyogombeza wakwe, watu hoi. Tulipomaliza kuaga mwili, Deo akamwambia yule mama mbele ya wote, "Mimi siku yangu msinifungue. Nipitisheni moja kwa moja kaburini." Mtani akadakia, "Wewe tutakufungua, tena na hiyo barakoa tutakuvua!" Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nilicheka, nikafuta machozi kwa khanga. Kwetu neno la namna ile msibani ni utani tu, linaishia hapo hapo.

Tuliporudi mjini Deo akaanza kugawa nguo zake. Akaniomba simu yangu, akafuta picha zake zote. Hapo ndipo nikamkumbuka nesi. Jumanne tukiwa uani tunaosha karoti, nikajikaza nikamuuliza bila kuzunguka, "Deo, unawaza kujiua?"

Akaendelea kuosha. Akasema, "Ndiyo, dada."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kule msibani sikuwa natania. Nilikuwa naomba, nikaona mnacheka."

Nililia mbele yake, na yeye akalia. Alinitaka niahidi kwamba sitamwambia mama wala mjomba. Nikaahidi. Na yeye akaahidi hatafanya kitu, na atalala mlango wazi.

Tatizo ni kwamba kwetu Waluguru, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Nikimwambia mama, mjomba atajua siku hiyo hiyo. Na mjomba alishasema siku nyingi, "Dume zima linashinda na kioo! Mleteni huku juu alime, hilo taya litanyooka lenyewe." Akisema aende, ataenda, na huko juu hakuna kliniki, kuna watu wa kumcheka tu. Nikinyamaza, nimebaki peke yangu na roho ya mtu. Nikiwa sokoni nampigia kila baada ya muda mfupi. Asipopokea naacha mzigo kwa jirani, nakimbia nyumbani. Namkuta amekaa, simu haina chaji. Kuna wakati namchukia kwa kunichosha hivi, halafu najiogopa mwenyewe.

Kliniki nimeshaamua. Kesho nampeleka, hata kama nitambembeleza kutwa nzima. Nisichojua ni hiyo ahadi. Je, nimwambie mama, aje tusaidiane kumwangalia, nikubali vita na mjomba? Au nikae na siri yake asije akaona hata mimi nimemgeuka? Nishaurini, nifanye nini, mimi peke yangu siwezi tena.

Jambo moja la mwisho. Deo naye anaufuata ukurasa huu, na huwa anasoma maoni yote mpaka la chini kabisa. Jina nimebadilisha, lakini atajijua. Kwa hiyo mkiandika, andikeni mkijua anasoma.