Msoma Karata wa Majengo na Jani Alilolichoma

Saa tatu asubuhi jua limeshaingia uani, mtaa wa Majengo, mjini Moshi. Bibi Adija binti Seleman anakung'uta mkeka, anautandika upenuni, kisha anaweka katikati karata zilizofungwa kwa kipande cha kanga. Mteja wa kwanza ameshafika. Ni Wenseslaus, mkulima wa kahawa kutoka Kibosho, kofia mkononi na tope miguuni.

"Kata kwa mkono wa kushoto. Vuta tatu. Usichague," anamwambia.

Mkulima anavuta. Bibi Adija anazipanga na kumweleza kila moja inakaa mahali gani: ya kwanza ni ulichotoka nacho nyumbani, ya pili ni ulichoshika sasa, ya tatu ni ulichokipa mgongo. Kisha ananyamaza. Wanaomjua wanasema hapo ndipo kazi yake ilipo.

"Unaona nini?" anauliza hatimaye.

"Naona mama mwenye hasira," anasema Wenseslaus, akiitazama karata ya tatu, bibi wa shupaza.

"Unamfahamu?"

Mkulima anakuna kichwa. "Amefanana na mke wangu. Nataka kuuza ng'ombe, sijamwambia."

"Loo! Umeteremka mlima mzima kuja kuniuliza mimi, na mwenye jibu umemwacha Kibosho anamkatia majani ng'ombe huyohuyo!"

Wenseslaus anacheka, anatoa thumuni yake na kushika njia. Tunadhani ng'ombe amepona.

Anayekuja hapa akitafuta chetezo na ubani atarudi bure. Bibi Adija, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, hapendi kuitwa mganga. "Ghaibu anaijua Mungu peke yake," anasema. "Mimi najua karata, na karata ni karatasi. Aliyeibiwa aende polisi." Hata hivyo wako majirani wanaovuka njia wakimwona. Mwezi mzuri humpatia shilingi kumi na tano. Mwezi mbaya huuvusha kwa kuuza vitumbua.

Kazi hii aliipata mwaka 1931, alipokuwa yaya kwenye shamba la kahawa la Mgiriki mmoja. Siku za mvua bibi wa nyumba alipanga karata mezani na kuzitazama kimya. "Nilimwuliza, mama, unacheza na nani? Akaniambia, na nafsi yangu." Bibi huyo alipohama alimwachia karata zile. Saba ya kopa imepotea. Mahali pake pana kipande cha boksi la sabuni, nacho husomwa kama nyingine.

Kanuni zake ni chache. Kopa ni watu wa nyumbani, uru ni mali, shupaza ni kazi, pau ni mambo yanayoota, mazuri na mabaya. Karata haimwambii mtu afanye nini. Mtu huitazama, akasema anachokiona, na mara nyingi anachokisema alikuwa nacho tangu zamani.

Mwandishi wa habari hizi naye alivuta tatu. Alichokiona ni siri yake.

Lakini Bibi Adija mwenyewe hajisomei karata. "Kinyozi hajinyoi," anasema, halafu uso unabadilika. Ana binti mmoja, Sophia. Mwaka 1948 Sophia aliolewa kanisani, Masama, na kijana wa Kilutheri aitwaye Ebenezeri, bila radhi ya mama yake. Majuma mawili baadaye Ebenezeri alifika hapa Majengo, akasimama mlangoni, akanyoosha mikono miwili. Ndani yake mlikuwa na jani refu la kijani lililofungwa fundo.

"Alisema, 'Shikamoo mama. Pokea.' Basi. Hakuongeza neno. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, mlima huu naujua kwa macho tu. Nikaona jani, nikaona fundo, nikasema huyu ameniletea dawa anifunge mdomo. Nikalitia jikoni mbele yake, likaungua."

Kijana aligeuka akaondoka. Tangu siku hiyo, miaka sita, Sophia hajakanyaga Majengo. Ana watoto wawili. Bibi yao hajui hata sura zao.

Mwezi uliopita alikuja Magdalena, mjane auzaye ndizi sokoni. Alivuta ree ya pau. Bibi Adija akauliza kama kawaida yake: unaona nini?

"Naona isale," Magdalena alijibu. "Jani letu watu wa mlimani la kuombea msamaha. Shemeji yangu aliniletea jana, limefungwa fundo. Nimelipokea ingawa moyo haukutaka. Isale halikataliwi, hata akija nalo aliyekuulia mtu."

"Na mtu akilikataa?"

"Huyo amesema hataki tena undugu. Kwetu hata mtoto anajua."

Bibi Adija alikusanya karata, akamrudishia Magdalena thumuni yake, akalia mbele ya mteja. "Nililia kama mtoto," anasema bila haya. "Kumbe yule kijana alikuja kunipigia magoti, mimi nikamchomea magoti yake. Na yeye alidhani nimefahamu. Nani angedhani mtu akae Moshi miaka yote hii asilijue isale? Miaka sita nawauliza watu wanaona nini, na mimi jani nililiona, sikuuliza."

Jumamosi hii anapanda basi la Masama. Magdalena atachuma jani la isale kwenye mpaka wa shamba lake na kwenda naye, maana shauri la namna hiyo huhitaji mtu wa kati. Vitumbua vya watoto vitapikwa alfajiri. Karata zitabaki nyumbani.

Na wakilikataa?

Bibi Adija anafunga karata kwa kile kipande cha kanga, fundo moja, halafu la pili.

"Watakuwa na haki," anasema. "Nitakaa mlangoni kwao, nimelishika kwa mikono miwili, hadi basi la jioni. Wakati wa basi ukifika nami bado nimesimama, nitarudi Jumamosi nyingine na jani bichi."